Kinga zetu zimetisha Mugunga

Leo tumekimbiza watu, na hatukuwa hata na bunduki.

Sikilizeni. Ilikuwa shindano ya kinga, ya baiskeli: kutoka Goma, kupanda milima ya Masisi, na kurudi. Matope, mawe, kupanda kusikoisha. Wakati wa kurudi miguu yangu ilikuwa imekufa kabisa. Lakini ukisha kupita Sake njia inakuwa sawasawa, njo tukakanyaga pedali na nguvu ya mwisho, vichwa chini.

Kufika Mugunga, mbele ya kuingia Goma, watu wakatoka kutuangalia. Mimi nikawaza wanatushangilia. Nikapunga mukono!

Hapana, wapendwa. Walikuwa wanafunga milango.

Kundi la watu kutoka Sake, mbio, jasho, hakuna mwenye anaangalia nyuma. Hapa kwetu hiyo ina maana moja tu.

Mama mumoja alikuwa tayari ku barabara, mutoto ku mugongo, matela ya kulalia, imefungwa na kamba, ku kichwa. Akaniita:

— Papa, wamefika wapi?

— Nani, mama?

— Wenye kuwafukuza!

Nikashuka. Nikaona haya na kaske yangu ya rangi, ile kofia ya mashindano.

— Mama, hakuna vita. Ni michezo tu.

Akaniangalia sana.

— Munachoka hivi, na hakuna mwenye anawafukuza?

Ninyi mungejibu nini?

Nikamubebea matela mpaka kwake. Nikataka kufungua kamba, akanishika mukono.

— Acha, papa. Iko imefungwa muzuri, kwa siku ya kukimbia kweli.