Meli Iliporudi Mbamba Bay

Baba yangu alikufa maji. Meli ya abiria aliyopanda ilizama ziwani kwenye dhoruba, na tangu hapo Mbamba Bay haikuletewa nyingine kwa miaka kadhaa. Meli za mizigo zilipita, lakini sisi watu tulikwenda kwa miguu, au kwa mitumbwi iliyoambaa ufukoni.

Kisha serikali ikatangaza kwamba safari za abiria zinaanza tena. Siku meli ilipotia nanga, watu walijaa ufukoni, ila hakuna aliyeisogelea mashua ya kuwapeleka melini. Walikuwa wakimtazama mama.

Yeye alikuwa amekwisha funga mzigo wake. Dada yangu, aliyeolewa Manda, alikuwa ametuma habari kuwa mimba imemlemea, miguu imevimba, haoni vizuri. Kwa miguu tusingemuwahi.

Baba mdogo alisimama mbele yetu. "Shemeji, ziwa hili limemla mwenzako."

"Limemla," mama akasema. "Na mwanangu nimwache aliwe na uzazi?"

Akanishika mkono, tukaingia majini mpaka kwenye mashua. Nyuma yetu wakafuata wanawake wachache, kisha wanaume.

Mpaka Liuli ziwa lilikuwa tulivu. Tulipoondoka hapo, mwera ukaanza kuvuma, ule upepo wa kusini tunaouogopa. Mawimbi yakapanda hadi sakafuni mwa meli. Mtu mmoja akapiga kelele kwamba tunazama, na watu wakakimbilia upande unaotazama nchi kavu, kana kwamba wangeweza kuruka wakafika. Meli ikalala upande huo. Niliona maji karibu mno na miguu yangu.

"Rudini katikati! Kaeni chini!" baharia alisema. Hakuna aliyemsikiliza. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeng'ang'ania chuma cha pembeni.

Mama alinibandua vidole. Akanivuta hadi katikati, akakaa kwenye mbao zilizolowa, akanikalisha mapajani kama mtoto, nami nilikuwa msichana mkubwa wa kuolewa. "Njooni mkae," akawaambia wanawake. "Mimi ndiye mjane wa ile meli, nami nimekaa."

Wakaja mmoja mmoja. Wanaume nao wakaona haya, wakarudi. Meli ikainuka polepole. Mtu akaanzisha wimbo wa kanisani, akauacha katikati, tukasikiliza injini.

Manda tuliposhuka, mama alitapika mchangani, akashindwa kusimama. Ndipo nilipojua kwamba alikuwa akiogopa kuliko sisi wote. Shemeji yangu alimbeba mgongoni hadi nyumbani.

Dada alikuwa amelala kwenye mkeka, uso umemvimba.

"Mmekujaje?" akauliza.

"Kwa meli," mama akajibu.

Dada akageukia ukutani, akalia. Alijifungua juma hilohilo, kwa taabu kubwa, mama akiwa amemshika magoti. Mtoto wa kike. Walipona wote wawili, ingawa dada hakuzaa tena.