Uji wa Mchanga

Nikifumba macho, kituo kile cha kulelea watoto hunijia kwanza kwa harufu. Zamani kilikuwa ghala la korosho, na ingawa wafadhili walitoa pesa kuta zikapakwa rangi ya bluu, joto la asubuhi likianza kupanda, harufu ya korosho ilitoka ukutani polepole ikaelea juu ya vichwa vya watoto. Kila siku nilimwacha binti yangu mlangoni, nikashika njia ya shambani nikiwa kama bado nimelala.

Binti yangu alikuwa haongei. Alisikia, alicheka, alinionyesha kwa kidole anachotaka, lakini neno halikumtoka. Kabla ya kituo nilikuwa nikimlaza kwenye kanga chini ya mkorosho, mimi naokota korosho, tunashinda wawili kimya. Pale kituoni ndipo alipoanza kunong'ona, tena kwa watoto wenzake tu, wakati wanapika uji wa mchanga kwenye vifuu vya nazi. Mimi mama yake nilikwenda kusikilizia dirishani kama mwizi.

Ndipo tukaambiwa ruzuku inakwisha. Mgeni atatoka kwa wafadhili kuja kuona watoto wanavyolelewa. Akiridhika, kituo kitaendelea. Asiporidhika, kitafungwa kabla ya msimu wa korosho. Kwangu maana yake ilikuwa moja tu: kurudi kwenye kanga yetu na kimya chetu. Niliogopa sana.

Sasa, sisi wa kijiji cha Mpapura kupokea mgeni hatufundishwi. Tulifagia, tukapiga deki, vifuu tukavitupa nyuma ya choo kwa kuwa vilionekana takataka. Mjini, sokoni Chikongola, kukanunuliwa midoli ya plastiki, ikapangwa kwenye rafu na mifuko yake, isije ikachafuka. Watoto wakavalishwa nguo za Idi. Kila mama alimwonya wake: mgeni akiingia, kaa, funga mdomo. Ndiyo heshima.

Mgeni alikuwa mama wa makamo, mpole wa sauti. Alikuta watoto wamekaa mkekani, mikono mapajani, sisi mama zao tumejipanga ukutani. Akawasalimia. Kimya. Akamuuliza mmoja anapenda kucheza nini. Mtoto akatazama chini. Jua liliingia dirishani, vumbi likawa linacheza katikati ya chumba, na hakuna kingine kilichocheza.

"Wana nidhamu sana," alisema mwalimu wao kwa fahari.

"Huwa hawachezi?" mgeni aliuliza, na uso wake ukaingiwa na huzuni.

Nilipandwa na hasira, hata sijui nilimkasirikia nani. Nikatoka, nikaenda nyuma ya choo, nikarudi na vifuu vimejaa kwenye kitenge changu kipya, pamoja na mchanga wake, nikavimwaga mkekani.

"Jamani, mama, mgeni huyo!" mwalimu alinong'ona.

"Mgeni atakunywa uji," nikamjibu. Nikakaa chini, mtu mzima mimi, miguu nimeinyoosha, nikaanza kukoroga.

Watoto walinitazama. Mmoja akachukua kifuu, akamtazama mama yake, akachota. Mwingine akamnyang'anya. Muda si mrefu chumba kizima kilikuwa kinapika, na nguo za Idi ndiyo basi tena. Katikati ya kelele zile binti yangu aliinuka na kifuu chake, akatembea taratibu asimwage, akasimama mbele ya mgeni.

"Wa moto," alisema, na kila mtu akasikia. "Puliza."

Mgeni akapuliza.

Ruzuku iliongezwa, tuliambiwa baadaye, na kituo kipo mpaka leo. Lakini siku ile sikuwaza ruzuku. Tulirudi nyumbani katikati ya mikorosho iliyoanza kutoa maua, binti yangu akiongea njia nzima: habari za mbuzi, za viatu vyangu, za mgeni ambaye hakumaliza uji wake. Nilikuwa nimechoka, kichwa kinaniuma, na kila tuliyepishana naye alitaka tusalimiane vizuri. Sikumwambia nyamaza.