Resori za Mama Aimée

Georgette, ambaye mtaa wote wa Panda ulimwita Mama Aimée kwa jina la binti yake wa kwanza, alijifunza kuendesha motoka kwa sababu mume wake Léon hakupenda usukani. Land Rover yao ilikuwa kuukuu. Waliinunua kwa padri mmoja aliyekuwa akirudi Ulaya, wakati mshahara wa Léon kiwandani ulipokuwa bado unafika. Baadaye mshahara ukaanza kuchelewa, ukageuka kuwa mfuko wa unga, na mwisho hata unga haukuja. Léon aliendelea kwenda kazini kila asubuhi, kombinezo lake la kazi limepigwa pasi, akakaa mbele ya mashine zilizozimwa.

Kule kwenye vijiji vya mto Lufira, upande wa Mwadingusha, mahindi yalikuwa yanaliwa na fukusi kwa sababu malori hayakwenda tena kuyachukua. Mjini watu walilala bila kula. Georgette akaamua kwenda kuyaleta. Lakini malori ya zamani yalikuwa yamechimba mifereji miwili ya magurudumu katika njia ile, na katikati yake ukabaki mgongo wa udongo mgumu. Resori za Land Rover, zile pande za chuma zinazopangwa moja juu ya nyingine ili kubeba motoka, zilikuwa zimelala kwa uzee. Lile boga la chuma lililo kati ya magurudumu ya nyuma likapanda mgongo likakwama, magurudumu yakazunguka bure. Alichimba kwa jembe la kuazima mpaka viganja vikachubuka, kisha akarudi mjini na motoka tupu.

Léon akasema waiuze. Kulikuwa na mfanyabiashara aliyeitaka kwa ajili ya vipuri. Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu aliyekwisha kuuza redio, baiskeli na suti ya harusi yake.

"Minye sitauzisha," Georgette akamjibu. "Ile motoka haina mbaya, Baba Aimée. Iko chini tu. Tutaiinua."

Aiinue nani, ndilo lilikuwa swali. Fundi wao, Dominique, alikuwa Mkasai. Mwaka uliotangulia yeye na familia yake walifukuzwa mjini pamoja na Wakasai wengine wengi, wakiambiwa si wenyeji, wakalala kituoni wakingoja treni, na Georgette akawa anawapelekea maji na ugali wa bukari mpaka siku walipoondoka. Tangu hapo garaji yake ilikuwa na kufuli. Georgette akaenda kwa Kitenge, jirani yake aliyefua majembe. Kitenge akamwambia wazi kwamba hajapata kushika resori, ila yuko tayari kujaribu.

Chuma kilitoka kwa Albertine, mjane wa dereva, ambaye lori la marehemu mumewe lilikuwa limekufa uani kwake. Alimpa Georgette baadhi ya pande za resori zake, naye akaahidiwa mahindi. Kitenge akazikata kwa urefu wa Land Rover, akazitia motoni mpaka zikawa nyekundu, akazipinda kama alivyozoea kupinda majembe. Zilimtii upesi. Motoka ikasimama juu, na majirani wakatoka kuitazama. Georgette akaijaza mifuko ya mchanga, akaipandisha kilima cha karibu ili kuijaribu. Kabla hajafika juu, upande mmoja ulikwisha kulala, na gurudumu likawa linasugua bati.

Kitenge akachuchumaa chini ya motoka.

"Ni moto njo iliharibisha," akasema. "Jembe ukipinda, inabakia vile. Hii kazi yake ni kurudia pahali pake. Minye nimeipika mpaka imesahau kazi."

Kesho yake mfanyabiashara akaja mwenyewe. Léon alimpa kiti, akamtazama mkewe. Georgette akamsalimu mgeni kwa adabu, akamwambia kwamba amejisumbua bure, kisha akatoka kwenda kwa Albertine kumwomba pande zilizobaki. Safari hii Albertine alikwenda kwanza kuligusa lori. Lori lile ndilo pekee alilobaki nalo la mumewe.

"Chukua," akasema mwishowe. "Lakini safari ya kwanza minye nakwenda na weye. Dada yangu iko kule. Tangu malori yaliacha kwenda, sijue kama iko muzima."

Sasa hawakuwasha moto. Waliweka kila bamba la resori juu ya kipande cha reli, wakaligonga likiwa baridi, pigo dogo baada ya pigo dogo, kutoka katikati kwenda kwenye ncha. Kitenge akichoka, Georgette alipokea nyundo. Kazi iliyokuwa ya alasiri moja ikawa ya siku nyingi. Kitenge alitaka kuinua zaidi. Georgette akakataa, kwa kuwa motoka iliyoinuka mno ingeanguka kwa ubavu katika mifereji. Walipomaliza kufunga, akalala chini yake akaona mpira wa kupitishia mafuta ya breki ya nyuma umevutika kama kamba ya kuanikia nguo. Mpira mrefu zaidi hawakuupata, basi wakashusha kishikio chake kwenye fremu mpaka ukalegea.

Siku ya safari, yeye na Albertine walipofika penye mgongo ule, Georgette alizima injini akashuka. Akapiga magoti, akaona kwamba boga litapita juu ya udongo kwa upana wa kiganja. Ndani, Albertine alishika rozari. Georgette akapanda tena, akaingia mifereji polepole. Chuma kilikwaruza mara moja, lakini motoka haikusimama.

Dada wa Albertine alikuwa hai, amekonda, mbele ya ghala lililojaa. Wawili hao walishikana. Watu wa kijiji walileta mifuko mingi ya mahindi, lakini Georgette alipakia nusu tu, akawa anachungulia resori kila mfuko ulipoongezwa.

Yeye na Albertine walirudi Panda mchana wa siku ya pili. Léon alitoka na kombinezo lake safi, akaanza kushusha mifuko mgongoni, na unga wa fukusi ukamchafua mpaka shingoni. Alipomaliza akasema:

"Mama Aimée, safari ingine minye nitakwenda na weye."

"Karibu," Georgette akasema. "Lakini mbele ni nafasi ya Albertine. Weye utakaa juu ya mifuko."