Madamu, Kanga wa Karakana

Siku ya kwanza nilipoingia karakana ya mbao kule Kikula, nilisalimia kila mtu isipokuwa mkubwa. Sikumwona. Alikuwa ndani ya kitunga, kikapu chake, juu ya kabati la misumari, kanga jike wa makamo, na jina lake lilikuwa Madamu. Shefu wa karakana alinirudisha mlangoni nianze upya.

"Hapa hatutumikake na masikio ya Shefu," aliniambia. "Tunatumikaka na masikio ya Madamu. Umupe bonjour."

Nikampa bonjour. Madamu akanigeuzia mkia.

Tulikereza miguu ya viti, michi ya kutwangia sombe, yaani majani ya muhogo, na msimu wa kuwinda ulipokaribia, viita-kanga. Ninyi msio wawindaji huenda hamjapata kukiona kimoja. Ni kikombe kifupi cha mti, kipana kama kiganja, na mdomoni tunakifunika kwa kipande cha kile kibao cheusi cha kuandikia cha watoto wa shule. Unakwaruza kibao kwa kijiti, na kikombe kinalia. Kanga dume hulia sauti moja moja. Jike hulia mbili, ya chini kisha ya juu, na mwindaji anazitaka hizo mbili kwa sababu ndizo zinazokusanya wenzake waliotawanyika.

Mti wetu ulikuwa mulombwa, tena mkavu. Unaufunga kwenye mashine ya kukereza, unazunguka, nawe unaingiza guji, ile patasi ya mviringo, polepole mpaka ukuta wa kikombe ubaki mwembamba. Ukiuacha mnene, kikombe kinakohoa. Ukizidisha wembamba, kinakupasukia usoni, na Shefu anauliza kama mulombwa unaota uani kwa mama yako.

Sheria ilikuwa moja: kiita-kanga hakitoki karakanani mpaka Madamu amekijibu. Na mwanafunzi ambaye hakujibiwa hadi msimu unafunguliwa, anapelekwa kiwanjani kubeba magogo, na huko hakuna aliyewahi kurudi kwenye mashine. Mimi niliipenda mashine ile kupita kiasi. Mchumba wangu alilijua hilo na alikuwa amekwisha kuninunia.

Shefu alipojaribu kazi yake mwenyewe, alikaa mbele ya kitunga, mkono wa kushoto mfukoni, kiita-kanga amekibana kwa magoti. Mkono wa kulia ukikwaruza, Madamu alinyoosha shingo na kupiga kelele mpaka mtaa wa pili. Watu walipiga makofi. Nilipokwaruza changu mimi, alijichokoa manyoya. Nilikereza kingine, na kingine tena, naye akawa anasinzia. Wenzangu wakaanza kuniuliza kwa upole ni bega lipi nitakalobebea.

Basi nikawa nafanya mazoezi nyumbani kila jioni. Jirani yangu Mama Monga alifuga kanga, na kanga wake wakawa wanaruka ua kuja kwangu. Nikiwafukuza, wanarudi. Nilidhani wanafuata makombo ya bukari, ugali wetu. Mama Monga alidhani vingine, na asubuhi moja akaingia karakanani na kanga kwapani, moja kwa moja kwa Shefu.

"Shefu, mutu wenu iko naniibia bakanga. Kila mangaribi iko nakwaruza kintu, na bakanga yangu yote inaenda kwake."

Mwizi na mbeba magogo, siku moja. Shefu aliamuru mashine zizimwe, akaniambia nikwaruze. Nikakwaruza. Kanga wa Mama Monga alijibu kwa nguvu mpaka nusura amponyoke. Madamu aliendelea na manyoya yake.

Shefu akaninyang'anya kile kiita-kanga, akakaa mahali pake, akatia mkono mfukoni, akakwaruza. Madamu akapiga kelele. Tukatazamana. Mama Monga peke yake hakushangaa.

"Utoshe mukono mu mufuko," alisema.

Shefu akautoa na kukwaruza tena. Kimya. Mama Monga akachukua nyundo, akaenda nyuma ya kitunga na kupiga bati la ukuta. Sisi wote tuliruka. Madamu hakuruka. Shefu, aliyekuwa amegeuka na kumpa mgongo, naye hakuruka. Halafu Mama Monga akarudi mbele, akaingiza mkono kwenye pindo la kitenge chake bila kukwaruza chochote, na Madamu akaimba.

"Hii kanga yenu haisikiake kintu," alisema. "Inaonaka tu mahindi."

Kweli, mfuko wa Shefu ulikuwa na mahindi ya kumtuza. Mashine zilikuwa zimemaliza masikio ya Madamu zamani, na ya Shefu pia, nasi tukitoa viita-kanga vibovu kwa vizuri. Wawindaji walirudi kutoka porini kwenye mto Lufira mikono mitupu na kulaumu mbwa wao.

Shefu aliitazama midomo yetu mmoja mmoja, kama aliyezoea kusoma maneno hapo. Nilimwonea huruma hata nikasahau magogo. Mwishowe akasimama.

"Reglema ni reglema," alisema, yaani sheria ni sheria. "Kanga njo inaamua. Mama, utuachie ile."

Mama Monga alikubali kumwacha kwa malipo ya mchi wa mulombwa, nami ndiye niliyeukereza, kwenye mashine ile ile. Madamu alistaafishwa juu ya kabati lake, na mahindi akaendelea kula.

Nilikaa pale mpaka nikawa Shefu, na sasa nimestaafu na masikio yangu yamefuata njia ile ile. Mahubiri marefu hayanisumbui tena. Lakini zile sauti mbili, ya chini kisha ya juu, ninazitamani sana.

Vijana bado wananiletea viita-kanga vyao uani. Wanakwaruza mbele ya kanga wangu, wa uzao wa yule wa Mama Monga, na mimi sisikii kitu. Namwangalia shingo. Akiinyoosha na kufungua mdomo, najua kazi ni nzuri, na moyo wangu unafurahi kabisa. Mikono yangu yote miwili naiweka juu ya magoti, mitupu, mahali anapoiona.