Kukunja madra na Nsimire

Siku yangu ya kwanza mu buanderi, ndiyo nyumba ya kufulia ya hospitali, nilichukua dra, shuka la kitanda, lenye damu, nikalitia mu maji ya moto. Masere, mtawa mukubwa wetu, akalitoa na fimbo, akaniambia damu inafuliwa na maji ya baridi. Ya moto inaipika, haitoki tena. Nilikuwa binti wa mtaa wa Kadutu, nilifikiri kufua ninajua. Kumbe.

Nilianzia ku javeli, dawa kali ya kung'arisha nguo, kisha wakanipandisha ku pasi za makala, makaa ya moto. Nyinyi wa mashine hamujui: Bukavu, mwezi wa kumi na mbili, mvua haiachi nafasi, dra linatoka ku kamba lingali bichi, pasi ndiyo inamalizia. Siku moja nilikuwa napiga soga, nikachoma dra la upasuaji. Nikalificha chini ya mengine. Mwenzangu wa meza, Maman Nsimire, akamwambia Masere. Wakanirudisha ku javeli, mikono ikapasuka tena, na mimi nikakata salamu. Nsimire akiingia kwa mulango huu, mimi natokea kwa ule. Niko mutu wa kinyongo, sifichi.

Majilio ikafika. Masere akatuita sisi wawili, akasema tutakunja madra pamoja mpaka Noeli. Nikamwambia siwezi.

"Sikuambii umupende leo, mama," akajibu polepole. "Shika kona zako tu."

Dra kubwa halikunjwi na mutu mumoja, litaburuza chini. Kila mutu anashika kona mbili, munavuta, munakunja, kisha munatembea mumoja kwa mwenzake mpaka mikono ikutane, anakupatia kona zake. Wiki mbili tulikutana hivyo kila alasiri, mimi nikiangalia ukuta.

Wiki ya tatu, Nsimire hakuvuta. Dra likalegea. Nikavuta kwa hasira; akaliachilia, akaketi chini.

"Uko na nini?" Ndilo neno langu la kwanza kwake kwa miezi.

"Mugisho iko mu pavillon ya watoto. Siku kumi. Hapumui muzuri."

Mugisho ni mutoto wake. Siku kumi, na madra ya pavillon ile, wodi ya watoto, nilikuwa nafua mimi kila asubuhi! Mutoto alilala juu ya kazi yangu na sikujua, kwa sababu sikutaka kumuangalia mama yake usoni. Haya ilinishika mpaka nikalia. Nikamuomba musamaha kwa dra nililoficha na salamu nilizomunyima. Akasema alinishitaki kweli, na angerudia. Tukacheka na machozi. Tangu pale, dra la Mugisho nilipiga pasi mwenyewe, nikalipeleka lingali na joto. Ku Noeli alikuwa anakunywa uji.

Nilienda ku retreti, kustaafu, na mugongo unaouma, lakini kila Majilio Nsimire alipanda kwangu, tukakunja madra yangu mawili, kisha chai. Kumupenda nilijifunza na mikono kwanza. Moyo ulikuja nyuma, polepole.

Nsimire tulimuzika mwezi wa nane. Jumapili ya kwanza ya Majilio nilisimama na dra mukononi, peke yangu, likiburuza chini. Hodi ikapigwa. Mugisho, sasa mwanaume wa ndevu. Akanawa mikono, akashika kona za mama yake, akavuta.