Nyumba Zilizokula Mlango

Watu wakikimbia vita hubeba vitu vya ajabu. Mmoja atachukua sufuria bila mfuniko, mwingine mfuniko bila sufuria, na wakikutana njiani kila mmoja atamwona mwenzake ndiye mjinga. Seremala huyu aliwapita wote. Siku risasi zilipoanza kulia upande wa sokoni, alichukua bisibisi, akafungua bawaba moja baada ya nyingine, akaushusha mlango wa mbele wa nyumba yake na kuubeba mgongoni kama mtu anayembeba mgonjwa.

Mkewe alikuwa uani na mtoto wa kike kiunoni, anarukaruka kama aliyekanyaga siafu.

"We mwanamume! Watu wanakufa, wewe unafungua skrubu?"

"Nikiuacha wataupiga shoka," alisema. "Halafu nyumba isiyo na mlango hamlali mtu. Tukirudi tutaikuta tupu, inatungoja."

Hiyo ndiyo akili ya seremala. Aliamini kabisa kwamba mtu aliyeua ili apate nyumba ataogopa kulala humo kwa sababu ya upepo.

Tusimcheke haraka, lakini. Mlango wenyewe ulikuwa mlango. Aliupasua kwenye gogo moja la mninga, na kwenye gogo hilohilo akatoa na fremu, hivi kwamba mistari ya mti ilianzia kwenye fremu, ikauvuka mlango, ikatokea upande wa pili kama barabara inayovuka daraja. Ukifungwa, wembe haupiti. Alikuwa akiwaambia wateja, kidole hewani, "Huu una fremu yake moja tu duniani." Na komeo alilifunga kwa ndani, la chuma zito, kwa sababu alikuwa na msemo wake: komeo likikaa nje, hiyo si nyumba tena, ni jela.

Njiani wakambandika jina, Mzee Mlango, wakati bado ndevu zake zilikuwa nyeusi. Hakuchukia. Waliomcheka mchana ndio walioomba usiku wawalaze wagonjwa wao juu ya mlango huo.

Makao ya kwanza yalikuwa hema. Hema halina fremu, kwa hiyo mlango aliulaza chini ukawa kitanda, matope yakipita chini yake na wao juu. Mvua zilipokolea, ugonjwa wa kuhara uliingia kwenye mahema bila kubisha hodi. Mkewe aliugua asubuhi, hadi jua kuzama hakuwepo tena. Akaoshwa juu ya mlango huohuo, maana hapakuwa na kitu kingine kilicholala sawa. Walipomaliza kumzika, Mzee Mlango aliusugua kwa mchanga, akaukung'uta, akaurudisha ndani.

Mtoto aligoma kuupanda. "Mama alikuwa hapa."

"Lala, mama," alimwambia bintiye. Alimwita mama tangu siku hiyo. "Mbao hazikumbuki kitu. Na chini ni maji."

Wakalala.

Kutoka hemani walipata chumba nyuma ya duka la nafaka, katika mji ambao watu wake hawakuwa wabaya, ila walikuwa wamechoka kuona wageni. Mwenye duka alikuwa na mlango wake wa mabati pale chumbani, umepinda, lakini unafungika. Mtu mwingine angeshukuru. Seremala alale nyuma ya bati la mtu mwingine? Aliung'oa. Akaujaribu wake. Fremu ya pale ilikuwa fupi, mlango ukagonga juu.

"Baba, usiukate," binti alisema. Alishakuwa na umri wa kuona mbali kuliko baba yake, jambo ambalo halikuhitaji umri mkubwa.

"Sikati. Napunguza."

Akapunguza. Kipande kilichotoka juu kilikuwa upana wa kiganja tu, na binti alikitia jikoni akachemshia uji. Mninga unawaka vizuri sana. Ule uji, kama tutasema ukweli, ulikuwa kipande cha kwanza cha nyumba yao, wakaunywa kwa vijiko.

Panya wa dukani walipozidi, mwenye duka aliwaambia panya wanaletwa na wakimbizi. Wakahama. Wakaangukia kwa mama mmoja mwenye vyumba vya kupangisha, mwanamke mwenye mdomo mtamu na funguo nyingi kiunoni.

"Fundi, mlango wangu una ubaya gani?"

"Hauna ubaya, mama. Ila si wangu."

Huko fremu ilikuwa nyembamba. Alipunguza ubavuni. Akahamisha bawaba, akazibua matundu mapya, akaupaka mafuta mpaka ukang'aa. Kikawa chumba kizuri kupita vyote pale uani. Kilipendeza kiasi kwamba mwenye nyumba alikuja akasimama, akaufungua na kuufunga, akaufungua na kuufunga, akasema kwa ile sauti ya asali, "Unajua, mpwa wangu anaoa. Chumba hiki kitamfaa." Akawatoa. Kilichomkasirisha ni kumkuta Mzee Mlango anafungua skrubu. "Looo! Shukrani ya punda ni mateke! Nimekusitiri, sasa unanivunjia nyumba?"

Mzee Mlango akapata kazi ya kukarabati samani katika jengo la ghorofa, na malazi yake yakawa chini ya ngazi. Dari la pale linashuka kama mgongo wa mzee, kwa hiyo mlango ukakatwa pembe moja ya juu. Sasa ulikuwa na mabega mawili, moja juu na moja chini, na wapangaji wa ghorofani waliposhuka walimuuliza kama mlango wake umepooza. Miaka ikapita akiwa pale, anazisikia nyayo za watu wote juu ya kichwa chake, anajua nani ana viatu vipya na nani anarudi amelewa. Meneja wa jengo alipobadilika, naye akabadilishwa. Chumba kilichofuata kilikuwa nyuma ya gereji. Fremu yake ilikuwa imeunganishwa na mafundi wa magari, na hilo latosha. Akalinyoosha lile bega bovu kwa kuliteremsha na lile zima. Ulipomalizika, ulimfika kifuani. Kuingia alikuwa anainama kama anayeingia kumwomba mtu msamaha.

Binti, wakati huo fundi cherehani mwenye wateja wake, alisimama mikono kiunoni. "Baba, huu sasa ni dirisha."

"Nimepunguza kidogo tu."

Na hakuwa anadanganya. Kila mara ilikuwa kidogo tu. Mtu hajiangalii kwenye kioo siku moja akakuta uzee, anaukuta pole pole. Kichwani mwake mlango ulibaki uleule aliouchonga, wenye fremu yake moja duniani. Vyumba vyote hivi vilikuwa njia. Nyumba ilikuwa inamngoja.

Redio ikasema amani imerudi. Wenye akili walisubiri redio iseme mara ya pili. Mzee Mlango alishafungua bawaba.

Binti hakutaka, lakini angemwacha vipi mzee apite njia ile peke yake? Wakafunga safari. Na hapa ndipo palipochekesha zaidi, kama una moyo wa kucheka. Wakati wa kukimbia mlango ulimpinda mgongo. Sasa aliubeba kwapani, ndevu zimekuwa pamba, anatembea mbele ya bintiye.

"Unaona, mama? Bado nina nguvu za ujana."

Binti aliutazama ule mlango mdogo kwapani, akamfuata.

Nyumba ilikuwepo. Imepakwa rangi, uani kuna ndoano za nyama na mbuzi wawili watatu wanangoja zamu yao. Fremu ya mninga bado ilikuwa ukutani, nyeusi kwa moshi na miaka. Katikati yake pameningʼinizwa mlango wa geti la chuma. Upepo haukuwa umemsumbua mtu.

Mwenye kukaa humo alikuwa muuza nyama, bonge la mtu, mpole, anafuta mikono kila anapoongea. Hakupiga kelele. Aliwatolea viti.

"Mzee wangu, mimi nilinunua. Aliyeniuzia naye alinunua. Wewe unasema nyumba ni yako, na mimi sikatai kwamba inawezekana. Lakini kila wiki anakuja mtu hapa analia kwamba alizaliwa kwenye jiko langu. Nifanyeje?"

Akaitwa mwenyekiti wa mtaa, mtu mwembamba ambaye mfuko wake wa nyama haukuwahi kupimwa kwenye mizani. Majirani wakajaa. Wa zamani hakuwepo hata mmoja, wote walikuwa wageni wa mtaa ule, wamekaa kwenye nyumba za watu wengine kama yeye alivyokaa kwenye vyumba vya watu wengine.

"Una shahidi?" mwenyekiti aliuliza.

"Ninaye," Mzee Mlango akasema, akaupigapiga mlango. "Huyu hapa. Una fremu yake moja tu duniani, na fremu ndiyo ile. Ng'oeni hilo chuma. Mlango wangu ukiingia, nyumba ni yangu. Usipoingia, sitadai tena hata tofali."

Binti alimshika mkono. "Baba, ulishaukata."

"Kidogo tu, mama. Niache."

Muuza nyama alimtazama mwenyekiti, mwenyekiti akautazama mlango, na hapo pembe ya mdomo wake ilitikisika. "Mmemsikia wote? Ukiingia, ni yake. Mzee amesema mwenyewe."

Geti likatolewa. Mzee Mlango akausogeza mlango wake kwenye fremu, polepole, kama bwana harusi. Haukugusa juu. Haukugusa kulia wala kushoto. Ulipita katikati ya fremu bila kugonga kitu, naye akapita nao, akajikuta amesimama sebuleni amekumbatia ubao, wake wa muuza nyama wanamtazama.

Mtaa mzima ulicheka. Mtu mmoja alisema, "Huo ni wa kabati!" Mwingine, "Kabati la chumvi!" Mzee aligeuka akaupima tena, safari hii kwa mkono wake, shubiri kwa shubiri, toka ukingo wa mlango hadi ukingo wa fremu. Ndipo alipoliona duka la nafaka pale juu, na yule mama wa funguo pale ubavuni, na ngazi, na gereji. Zote zilikuwa pale, ni nafasi tupu yenye hewa ndani yake.

"Tazameni mistari," binti aliwaambia watu. "Mistari ya mti. Tazameni kwenye fremu, halafu hapa. Ni gogo moja! Hata mtoto anaona!"

Watu wa mbele waliinama, wakaona. Vicheko vikapungua.

"Ni kweli inafanana," mwenyekiti akasema, anakuna shingo. "Lakini tulikubaliana uingie. Hatukukubaliana ufanane."

Muuza nyama, nimeshasema alikuwa mpole, alimwonea huruma. Huruma ya mtu mwenye shibe ni kitu cha kuogopa. Alitazama huku na huku, macho yakaishia uani, kwenye banda la mbuzi, ambalo mlango wake ulikuwa waya uliofungwa kwa kamba.

"Jaribu pale, mzee."

Watu walidhani anatania. Mzee Mlango aliutia mlango wake kwapani. Alikwenda, akaondoa waya, akausimamisha mlango kwenye tundu la banda. Uliingia. Juu sawa, chini sawa, kulia na kushoto sawa, wembe haupiti.

"Basi!" muuza nyama alipiga makofi, amefurahi kweli. "Uliahidi, nasi tuliahidi. Mlango umeingia, hiyo ni yako. Kaa hapo, uniangalizie mbuzi. Nyama hutakosa."

"Baba, twende nyumbani," binti alisema.

"Nyumbani wapi, mama? Si hapa?" Tayari alikuwa na bisibisi mkononi. "Kule kote nilikuwa napita."

Binti alimsihi mpaka watu wakaanza kutawanyika kwa aibu. Mwisho alimwachia blanketi lake, akaondoka bila kugeuka nyuma, kama alivyofundishwa tangu akiwa kiunoni kwa mama yake.

Asubuhi yake muuza nyama alikuja uani kuchagua mbuzi. Akasukuma, mlango haukufunguka.

"Nani?" sauti ikauliza kutoka ndani.

"Mwenye mbuzi! Mzee wangu, komeo umeweka ndani?"

"Komeo huwa ndani."

"La watu, ndiyo. Humu mna mali yangu. Sasa kila alfajiri nikupigie hodi kwenye banda langu? Halafu, samahani, sikujui vizuri. Nikiamka nikakuta umeondoka nao nitamdai nani? Lihamishe nje, bwana."

Mbuzi mmoja alikohoa. Kisha mlango ukafunguka, na Mzee Mlango akatoka ameinama, majani kwenye ndevu. Akafungua skrubu za komeo. Angeweza kulipigilia ovyo, lakini mkono wake haukuwahi kujua kazi mbaya. Alipima, akatoboa matundu, akalijaribu, akalitia mafuta, akalijaribu tena.

"Ingia tuone," muuza nyama akasema.

Akaingia. Komeo likateleza likakaa mahali pake, laini, bila kelele hata kidogo.

"Limekaa sawa, fundi?"

"Limekaa," alijibu kutoka ndani.