Asubuhi Mwalimu Breki Aliponyamaza

Jina lake halisi nililisoma mara moja tu, ukutani mwa ofisi ya chuo cha udereva, na sasa nimelisahau. Sote tuliofundishwa naye tulimwita Mwalimu Breki, maana neno hilo alilitamka kuliko salamu. "Breki! Breki, mwanangu! Huo ukuta umekukosea nini?" Alikuwa mama mwenye miwani yenye kamba shingoni na kicheko kilichofika mpaka kwa mafundi wa matairi ng'ambo ya barabara. Katika kile kigari cheupe kilichochubuka pembe zote, upande wake kulikuwa na kanyagio la breki la ziada. Alilikanyaga huku akisimulia vituko vya waliotutangulia, kama yule bwana aliyeshuka garini kuiomba radhi nguzo ya umeme.

Kilichompata kilimjia polepole. Hakufiwa, hakuachwa, wala hakufukuzwa kazi. Alianza kuamka kabla ya kupambazuka, akakaa ukingoni mwa kitanda kiatu kimoja mkononi, asikumbuke alitaka kufanya nini na kile kiatu. Chakula kikawa kama karatasi mdomoni. Mapacha wake walipopiga simu kutoka bweni aliitikia "mm" na "haya," kisha akampa baba yao simu.

Wifi yake alisema anadeka. Jirani akasema ni uchovu, akaleta vitamini. Mumewe, fundi wa kuchomelea mageti, alijaribu utani wote aliokuwa nao, na alikuwa nao mwingi. Mwisho akamuuliza, "Mama Pacha, nimekukosea?"

"Hujanikosea. Nyumba ninayo, kazi ninayo, watoto wazima. Nalia nini? Naona aibu hata kulia."

Ikaendelea hivyo mpaka asubuhi moja alipokuwa na mwanafunzi wake, dada mmoja muuguzi, mtu wa kucheka haraka lakini mzito wa kugeuza usukani. Wakakata kona. Mbele yao palikuwa na meza ya muuza mayai, trei juu ya trei. Muuguzi alisubiri lile neno. Halikuja. Akakanyaga mwenyewe kwa nguvu zote, gari likakita pua karibu na trei ya kwanza, na muuza mayai akabaki ameinua mikono kama aliyekamatwa.

Muuguzi alizima injini. "Mwalimu, hujasema breki."

"Niliona," alisema Mwalimu. "Niliona kila kitu. Mguu haukutaka." Machozi yakaanza kumtoka, kimya kimya.

Muuza mayai aliinama dirishani. "Msilie jamani, mayai yote mazima!"

Muuguzi hakuweza kujizuia, akacheka. Mwalimu Breki hakucheka, na hilo ndilo lililomshtua mwenzake kuliko breki yenyewe. Akamuuliza taratibu: unalala? Unakula? Hali hii imeanza lini?

"Tangu mvua zilipokatika."

"Mwalimu wangu, mimi ni wa wodi ya wazazi, haya si fani yangu. Lakini nimeyaona kwa kina mama waliojifungua. Yanaitwa sonona. Ni ugonjwa, na una daktari wake."

"Daktari wa vichaa?"

"Daktari wa akili. Na akili unayo, au hunayo? Basi nayo inaugua, kama figo."

Jioni alimweleza mumewe, akitegemea ataogopa. Mume alivua miwani yake ya kazini, akaketi juu ya geti aliloliacha nusu. "Kumbe kitu chenyewe kina jina! Mimi nilijua umenichoka. Nimekonda bure!"

Kesho yake walikwenda pamoja kliniki ya akili, hospitalini. Mwalimu Breki alitarajia makelele na milango ya vyuma. Alikuta korido yenye harufu ya sabuni, mabenchi, na watu wa kawaida kabisa: bwana mmoja mwenye tai, bibi aliyekuwa akifuma, na mwalimu wa hesabu wa mapacha, ambaye alimwamkia kama wamekutana dukani.

Daktari alikuwa mwanamke asiye na haraka. Aliagiza damu ipimwe, maana upungufu wa damu na ugonjwa wa tezi ya shingo huweza kumfanya mtu ajisikie vivyo hivyo. Kisha akauliza wazi kama amewahi kutamani kufa.

Mwalimu alitazama sakafu. "Kujidhuru, hapana. Ila nimewahi kutamani nilale nisiamke."

Mumewe alimshika mkono, asiuachie.

"Asante kwa kuniambia," alisema daktari. "Likirudi wazo hilo, usikae nalo peke yako. Mwambie huyu, na mje hapa wakati wowote. Na usitafute kosa lako. Sonona huja hata pasipo msiba, na haiondoki kwa kukazana."

Majibu ya damu yaliporudi safi, alimwandikia vidonge, akampangia mazungumzo na mshauri, akamwambia asifundishe kwanza. "Vidonge hivi vina mwendo wao. Vipe wiki kadhaa."

Wiki za mwanzo zilimkera. Mdomo ulikauka, tumbo likamsokota, na furaha yenyewe hakuiona. Alitaka kuvitupa. Mumewe akamrudisha kwa daktari, dozi ikapunguzwa kidogo, tumbo likatulia. Mshauri, bwana mwenye masharubu makubwa na sauti ndogo, alimpa kazi ndogo ndogo: leo fika getini, kesho fika dukani. Siku moja akamuuliza, "Mwanafunzi akizima gari katikati ya barabara, unamwambia hafai?"

"Nitamwambiaje hivyo? Namwambia awashe tena."

"Na wewe mwenyewe unajiambia nini?"

Alifikiri, akasema, "Mambo ambayo nisingemwambia hata adui."

Nafuu ilianza kwa usingizi. Kisha chungwa likawa na ladha ya chungwa. Halafu mchana mmoja mumewe alipika maharage, akayasahau jikoni, akayaleta mezani meusi tititi. Mama Pacha aliyatazama. "Baba Pacha, haya hukuyapika. Umeyachomelea."

Mume aliweka kijiko chini, akatoka mbio mpaka uani kwa jirani. "Amenitania! Jamani, mke wangu amenitania!" Jirani alikuja na sabuni mikononi, wifi akaja pia, na wote wakasimama mlangoni wakimtazama Mama Pacha akicheka mpaka miwani ikamwanguka. Wifi alimkumbatia. "Nisamehe, wifi yangu. Nilisema unadeka."

"Sasa ndiyo nitadeka," alijibu. "Kaoshe hilo sufuria."

Alirudi kazini daktari aliporidhika. Siku nzito bado zilimjia mojamoja, na alipojisikia mzima akataka kuacha dawa, daktari alimkataza: wataziacha pamoja, taratibu, wakati ukifika. Muuguzi alifaulu mtihani wake, akapiga honi mtaa mzima mpaka askari akamwomba apumzike.

Mwalimu hakuficha alikokuwa. Akiulizwa alisema, "Niliugua sonona, natibiwa." Ndipo mwalimu wa malori pale chuoni, jibaba la mabega mapana lisiloongea na mtu, alipomvuta pembeni ya karakana akijifanya anatazama tairi.

"Hiyo kliniki," alinong'ona, "mtu anaingia tu?"

"Anaingia tu. Kesho nina miadi, twende wote." Akamtazama juu mpaka chini, akaanza kutabasamu. "Ila naendesha mimi. Wewe utatupitisha na trela kwenye maua ya hospitali."

Jibaba likacheka, likajifuta macho kwa mkono wenye grisi, likabaki na weusi usoni mpaka jioni.